Herufi C Nyuma ya Kadi

Tak.

Kadi ikirushwa kwa vidole viwili na kugonga ukuta wa tofali hulia hivyo, mara moja, kavu, kama ukucha ukigonga kioo. Bernadine Sabol aliusikia mlio huo kiangazi kizima cha mwaka wa hamsini na tatu, akiwa na miaka kumi na miwili, ameketi kwenye ngazi za nyuma za kwao, akiwatazama wavulana wa Mtaa wa Catalpa wakicheza. Kila mmoja alirusha kadi yake ya besiboli ukutani kwa zamu. Kadi ikiangukia juu ya nyingine, hata kwa pembe tu, mwenye kadi alizoa zote zilizokuwa chini. Kaka yake Cyril, mwenye miaka kumi na minne, alizoa karibu kila siku.

"Kaka, nami nirushe moja."

"Mikono ya wasichana ina jasho," Cyril alisema bila kugeuka. "Utazilowesha."

"Haina. Tazama."

"Ina jasho na inanuka vitunguu. Kaa huko huko, Bernie, uhesabu."

Akahesabu. Akapewa na kazi nyingine: kila kadi aliyoshinda au kununua Cyril iandikwe herufi C kwa penseli, nyuma, kwenye pembe ya chini, ili asije mtu kesho akadai ni yake. Cyril mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita. Wa Bernadine ulikuwa mdogo na safi. Hivyo herufi zote zile, kila moja sawasawa na mwenzake, ziliandikwa na mkono ule ule ulioambiwa una jasho.

Seti ya mwaka huo ilikuwa na kadi mia mbili sabini na nne. Hakuna mtoto mjini kwetu aliyewahi kuwa nazo zote. Zilikuja tano tano katika karatasi ya nta pamoja na kipande cha chingamu cha waridi, kigumu kama kigae, na hukujua umepata nani mpaka ufungue. Cyril alifikisha mia moja sabini na moja. Ya thamani kuliko zote ilikuwa namba mia moja themanini na nane, Lonnie Haverkamp, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kucheza. Baadaye alikuja kuwa jina ambalo watu wazima walilitaja wakivua kofia.

Mwaka wa hamsini na saba Cyril aliitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani. Baba yao alikuwa amekwisha kufa, kifua kimejaa vumbi la makaa ya mawe, na mama yao, Tekla, hakuwa mtu wa kukiacha chumba kikae bure. Akatafuta mpangaji. Siku moja kabla mpangaji hajaingia alimwambia Bernadine, "Toa takataka za kaka yako humo ndani. Peleka kwenye pipa, uchome."

"Na kadi?"

"Kadi si karatasi?"

Bernadine alikuwa na miaka kumi na sita. Alibeba boksi mpaka uani, akasimama mbele ya pipa. Kisha akachoma madaftari ya Cyril ya shule na magazeti ya wiki mbili, akakoroga kwa fimbo mpaka moshi ukapanda vizuri. Mama yao aliuona moshi kwa dirisha la jikoni, akaendelea kukata kabichi. Boksi likapanda darini, chini ya kikapu cha Pasaka.

Hakuiba. Siku ile hakuiba, na mimi nasema hivyo kwa kuwa aliniapia, na Bernadine hakuwa mtu wa viapo. Alitaka kumkabidhi kaka yake seti nzima atakaporudi. Alikuwa na zile za Cyril zilizojirudia, tatu tatu, nne nne za mchezaji mmoja, na hizo alizibadilishana na wavulana wale wale waliomcheka. Pesa aliyopewa ya kusuka nywele alinunulia nyingine. Kwa miaka miwili alikuwa akiota siku moja tu: Cyril anafungua boksi, anapitisha kidole juu ya kingo za kadi, anafika mwisho, hakuna pengo.

Cyril alirudi mwaka wa hamsini na tisa. Zilikuwa zimebaki tisa kutimia seti. Bernadine akasema moyoni, ngoja zitimie kwanza.

Jioni ya kwanza walikuwa mezani, watatu.

"Kadi zangu ziko wapi, Mama?"

"Nilichoma."

Cyril akacheka. "Ulichoma nini?"

"Karatasi. Ulitaka nizinyonyeshe?"

Akaacha kucheka. Alisukuma sahani, akamwambia mama yake neno ambalo sitaliandika, la Kislovakia, lugha ya wazee wetu, la kumwambia mbwa. Tekla alimtazama tu, akachukua ile sahani, akaanza kula chakula chake. Hapo Cyril akamgeukia dada yake.

"Na wewe ulikuwa wapi? Ulikaa kwenye ngazi unahesabu?"

Kutoka meza ile mpaka darini ni ngazi kumi na mbili na kisha kumi na nne. Bernadine alinitajia idadi hiyo zaidi ya mara moja. Alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Kwa lile swali, akaketi.

*

Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha mashati, yeye na mimi, cherehani yake upande wangu wa kushoto, miaka thelathini na kitu. Yeye alishona kola, mimi vikwapa. Na nyumba zetu pia zilishikana, ukuta mmoja wa mbao na plasta kati yetu, kama zilivyo nyumba zote walizojengewa wachimba makaa ya mawe, kwa hiyo nilikuwa naye mchana kwa jicho na jioni kwa sikio.

Nilipoanza kazi nilidhani anahesabu kola. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na mashine zikitulia kidogo nilisikia: "Kumi na tisa. Arobaini na mbili. Tisini na sita. Mia na kumi." Kila siku namba zile zile tisa. Mwaka uliofuata zikawa nane. Kisha sita. Nilimuuliza, akanijibu, "Ni wale ambao bado hawajafika." Nilimwona kidogo hayuko sawa, nikamwacha. Ilimchukua miaka kunionyesha boksi.

Namba ya mwisho ilikuwa mia mbili sitini na moja, Orval Teague, mrushaji aliyecheza msimu mmoja na kupotea, masikio kama mikono ya kikombe. Ililetwa na Alphonse Yurkonis, fundi wa kutengeneza cherehani zetu, mjane, mtu mpole. Aliitafuta miji mitatu. Akaileta imefungwa kwenye leso safi, akaiweka juu ya kola zake, na Bernadine akaifunua, akaweka kiganja kifuani, akalia pale pale kazini. Alphonse akadhani amekwisha kukubaliwa. Wiki iliyofuata akaja na suti.

"Ahsante, Alphonse," Bernadine alimwambia. "Lakini nyumba yangu imejaa."

"Mpo wawili tu mle ndani, wewe na mama yako."

"Imejaa."

Alphonse akanigeukia mimi. "Verna, nimeshindana na bwana mwenye masikio haya, nikashindwa." Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliacha kazi mwaka ule, na hakuna aliyempelekea hata salamu.

Basi seti ilitimia mwaka wa sitini na nane. Mia moja sabini na moja zenye herufi C, mia na tatu zisizo na kitu. Bernadine hakumwambia Cyril. Wakati huo Cyril alikuwa na mke na duka la matairi, anakuja kwa mama yake Jumapili, anakula, anamtania dada yake juu ya viatu vyake vya kikuhani, anaondoka. Bernadine akisikia gari limekwenda alipanda darini, akafungua mpira uliobana kadi, akazipitia moja mpaka mia mbili sabini na nne. Ilikuwa zawadi, ikawa siri, na siku moja ambayo yeye mwenyewe hakuijua, ikawa yake.

Kisha, miaka ya themanini, dunia ikaingiwa na wazimu. Kadi za zamani zikawa mali. Watu waliona kwenye televisheni karatasi ya mtoto inauzwa kwa bei ya gari. Kila mwanamume mjini kwetu akakumbuka kwamba alikuwa nazo, na kwamba mama yake alizitupa. Ikawa ndiyo hadithi yao kwenye baa ya ukumbi wa zimamoto, na wengi walisimulia kwa kucheka. Cyril hakucheka. Mkewe alikuwa amemwacha, duka limefungwa, na mtu mwenye shida akipata mahali pa kuziweka zote anazibwaga pale pale.

"Kadi zile zingeninunulia nyumba Florida," alikuwa akimwambia mama yake. "Wewe ukazipashia moto kabichi. Karibu Florida, Mama. Unasikia joto?"

Tekla alipokuwa na nguvu alimjibu. Alimwambia mwanamume anayelilia picha za wanaume ana lake jambo. Lakini alifika miaka sabini na sita, akili ikaanza kumtoka kama maji kwenye kapu, na kilichobaki ndani kilikuwa kile tu alichoambiwa mara nyingi. Nilimsikia ukutani. "Bernadine, nilichoma nini? Nilichoma nini cha mtoto?" Na Bernadine akijibu, "Karatasi, Mama. Lala."

Mkesha wa Krismasi, kwetu, kabla mtu hajagusa supu, nyota ya kwanza ikionekana, mkubwa wa nyumba huchukua mkate mwembamba kama wa komunyo, huupaka asali, na kila mmoja humega na mwenzake. Ukimega unasema, nisamehe. Naye anasema, nimekusamehe, nisamehe na wewe. Hata waliopigana asubuhi humega. Hata wasiosalimiana mwaka mzima.

Mkesha wa mwaka wa tisini nilikuwa naandaa meza yangu, na sikuhitaji kutega sikio.

"Nisamehe, mwanangu," sauti ya Tekla.

"Kwa lipi, Mama?"

"Kwa zile karatasi."

"Zilikuwa na majina. Taja moja. Taja jina moja tu, nimege."

"Yule kijana. Yule wa kofia."

"Wote wana kofia, Mama."

"Yule… mwenye kofia, anacheka."

"Si huyo. Endelea."

Bernadine aliyajua yote. Mia mbili sabini na nne, kwa jina na namba, na timu, na mkono wa kurushia. Angeweza kumnong'oneza mama yake moja. Aliniambia baadaye alivyokuwa amesimama karibu na jiko na sufuria ya njegere, akiangalia asali inavyoteremka kutoka kwenye mkate, inapita kiganja cha mama yake, inaingia kwenye mkono wa gauni. Tekla aliendelea kuunyosha mkono. Cyril akachukua kijiko, akaanza supu. Mwishowe Bernadine akautoa ule mkate mkononi mwa mama yake, akaula yeye mwenyewe, wote.

Tekla alikufa Februari.

*

Kwenye chakula cha mazishi, ukumbi wa kanisa ukiwa umejaa na harufu ya kabichi na nyama ya nguruwe, Cyril alisimama na glasi.

"Msimlilie," akasema. "Huko alikokwenda, Shetani anahangaika na kibiriti chenye unyevu. Mama atamsaidia. Mpeni karatasi tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamekaa kimya tangu asubuhi, kilitoka chenyewe. Bernadine alikuwa ameshika jagi la kahawa. Alikwenda meza hadi meza akimimina, akiwatazama usoni mmoja mmoja.

"Na wewe ulicheka, Verna," aliniambia usiku ule tukiosha sahani.

"Nilicheka."

"Nilikuona."

Kuanzia hapo likamkaa. Kumwambia Cyril kwamba mama yake hakuchoma kitu maana yake ni kumpa kadi zake, na kumpa kadi zake maana yake ni kuivunja seti. Ukimwambia bila kumpa, atakuja kuzichukua kwa nguvu. Ukinyamaza, Tekla atabaki kuwa mzaha wa ukumbi wa zimamoto mpaka wote waliomjua wafe.

"Mpe zote," nilimwambia. "Nzima, ndani ya boksi. Hivyo ndivyo ulivyotaka tangu mwanzo."

"Mia na tatu ni zangu."

"Bernadine, ni picha."

"Ni zangu. Zake nitampa. Zangu sitoi."

"Basi zitavunjika."

"Najua zitavunjika!" Akapiga meza. Sikuwahi kumwona akipiga kitu. "Unadhani sijui?"

Oktoba yalikuja maonyesho ya kadi kwenye ukumbi wa zimamoto, na akachagua Jumapili ambayo Cyril alikuwa amekwenda kuwinda. Tulikwenda pamoja, boksi ndani ya kikapu cha Pasaka, limefunikwa kitambaa cha meza. Mfanyabiashara aliitwa Eckert, mnene, miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji. Alipangusa mikono kwa kitambaa kabla ya kugusa.

"Zimetoka wapi, mama?"

"Darini."

"Zote zipo?"

"Hesabu."

Alihesabu. Alipofika mia moja themanini na nane aliweka kahawa yake chini, mbali. Akaigeuza kadi.

"Mshenzi gani kaandika C hapa?"

"Mimi."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Ningekuwa baba yako, kalio lingekuwa linawaka mpaka leo." Lakini alikuwa anatabasamu, na sauti ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliye kanisani. "Nisikilize. Hata na hizi penseli, sijaona kitu kama hiki katika kaunti hii. Si huyu Haverkamp peke yake. Wengine wanaye. Ni kwamba zimekaa pamoja. Angalia kingo zake, zimezeeka rangi moja, kama ndugu. Nipe zote, unaezeka paa jipya na kubakiza. Hutaki, nenda nazo nyumbani. Ila usichomoe hata moja. Siku utakayochomoa una boksi la kadi kuukuu, basi."

"Mia moja sabini na moja si zangu."

"Ni za nani?"

"Za mtu anayedhani ziliungua."

Eckert akavua miwani ya machoni, akavaa ya kwenye paji, akamtazama. "Kama anadhani ziliungua," akasema, "basi ziliungua, mama. Mwache."

Tulirudi kwa miguu. Mlangoni alisema tu, "Yule bwana ana akili."

Nikadhani yamekwisha. Lakini Novemba yote nilimsikia ukutani. Sauti ya kadi zikitengwa ni ndogo, fyu, fyu, kama mtu anapangusa vumbi. Mafungu mawili juu ya meza ya jikoni, yenye herufi na yasiyo na herufi. Kisha kazi ya kuzirudisha kwa namba, moja, mbili, tatu, polepole zaidi. Mara nne alizitenga, na mara nne akazirudisha. Asubuhi moja alinifungulia mlango macho mekundu, akaniambia kwamba zikitengwa anaona nyuso zinamtazama kama watoto wanaohamishwa. Kisha akaona aibu kwa kusema hivyo, akaniuliza bei ya mayai.

Wiki ya kwanza ya Desemba Cyril alisimama barabarani nje, akaita bila kuingia. "Bernie! Jiwe la kaburi lile. Wameuliza maandishi. Nimewaambia waandike: Tekla Sabol, Majivu kwa Majivu. Nzuri, siyo?" Akacheka, akaenda zake na gari lake bovu.

Bernadine akafunga dirisha. Usiku ule nilisikia fyu, fyu, mara ya tano. Sikusikia zikirudishwa.

*

Alinialika mkesha ili mezani tuwe wanne. Idadi ya watu isiyogawanyika kwa mbili mkesha wa Krismasi ni mkosi kwetu, na sahani ya marehemu huhesabiwa. Sahani ya Tekla ilikuwa upande wa jiko la makaa ya mawe, tupu, kijiko kimepinduliwa. Kulikuwa na supu ya uyoga, njegere, samaki, na bobalki, vile vidonge vya unga na asali ambavyo Tekla alivikanda vizuri kuliko wote mtaani. Vya Bernadine vilikuwa vigumu.

Cyril aliingia na theluji kwenye kofia. "Nani amekufa?" akauliza, alivyozoea kuuliza kila aingiapo. Kisha akaiona sahani, akakaa.

Bernadine hakuuchukua mkate. Alikwenda kabatini, akarudi na mafungu mawili, kila moja limebanwa kwa mpira. Moja akaliweka mbele ya kiti chake. Lingine, kubwa zaidi, akaliweka mbele ya kaka yake, nyuma ya kadi ikitazama juu.

Cyril aliiona herufi. Aliitambua haraka sana, kama mtu anavyotambua kikohozi cha mzazi wake. Akatoa mpira. Akageuza ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Zimetoka wapi?"

"Hazikwenda popote," Bernadine alisema. "Aliniambia nizichome. Nilichoma madaftari yako. Mama hakujua. Alikufa anajua zimeungua."

"Miaka thelathini na nne."

"Ndiyo."

"Mwaka jana. Pale." Alielekeza kidole kwenye sahani tupu. "Mwaka jana ulikuwa umesimama pale, na hizi ziko juu ya kichwa chetu."

"Ndiyo, kaka."

Nilidhani atampiga. Nadhani na Bernadine alidhani hivyo, maana alivua miwani akaiweka mezani. Lakini Cyril alikuwa ametulia. Alimtazama dada yake kama mtu anayesoma bei.

"Na hizo zako ulizipata kwa nini? Kwa zangu zilizojirudia, siyo? Mwizi wewe. Mwizi mwenye mwandiko mzuri." Akazinyanyua zake. "Kwa hiyo nilimwambia ataje jina moja, na jina lilikuwepo."

"Yalikuwepo yote."

"Na wewe unayajua."

"Nayajua."

"Mama yangu hakuwa mwongo," Cyril alisema. "Alikuwa na ulimi kama shoka, lakini hakuwa mwongo. Alisema alichoma."

Akainuka. Akachukua chuma cha jiko, akafunua kifuniko, na jikoni pakawa pekundu. Kisha akaitazama kadi ya juu, akasoma kwa sauti, taratibu, akiielekezea sahani tupu.

"Walt Ostrander, Mama. Huyu hapa." Akatupa.

"Cyril," nilisema.

"Nyamaza, Verna. Wewe ulicheka." Akasoma ya pili. "Pete Lavoie. Mkono wa kushoto." Akatupa. "Gus Tremaine. Huyu ana kofia, Mama, anacheka, huenda ndiye." Akatupa.

Zilikuwa zinashika moto kwa rangi, buluu kwanza, kisha kijani, kwa sababu ya wino. Harufu tamu ya chingamu ya miaka thelathini na nane ilijaa chumbani. Alisoma kila jina. Hakuruka hata moja, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti yake kubadilika, na alikuwa akiyapangusa kwa kiganja chenye masizi, hata uso wake ukawa kama wa baba yao akitoka shimoni. Supu ikapoa. Alipofika mia moja themanini na nane alimwonyesha Bernadine kwanza, aliishika mbele ya macho yake kama mtu anavyomwonyesha mtoto peremende.

"Lonnie Haverkamp."

Bernadine alinyoosha mkono nusu. Hapo ndipo Cyril alipotabasamu mara ya kwanza tangu aingie, akaiachia.

Ya mwisho ilipokwisha alirudisha kifuniko. Akauchukua mkate mezani kwa vidole vyeusi, akachovya asali, akamnyooshea dada yake juu ya meza.

"Haya," akasema. "Sasa omba."

Asali ilianza kuteremka mkononi mwake. Bernadine hakuutazama mkate. Alikuwa amelivuta karibu fungu lake la kadi mia na tatu, ametoa mpira, na kidole chake kilikuwa kinapita juu ya kingo, kinasimama, kinapita, kinasimama. Midomo ikaanza kumcheza. Niliketi upande wake wa kulia, mahali nilipoketi miaka yote ya kiwandani, kwa hiyo mimi nilisikia, ingawa ilikuwa sauti ndogo sana, ile ile ya kuwahesabu wasiofika, niliyoijua kati ya cherehani na cherehani.

"Moja," alisema. "Tatu. Nne. Saba. Nane."